Picha ya Saa Moja na Robo

Ukishuka kutoka Tororo mjini kuelekea mpaka wa Malaba, uliza habari za Ecodu mchoraji. Watakuambia kwanza kwamba ni mbishi, kisha ndipo watakumbuka kukuambia kwamba anachora. Na ubishi wake wote, katika miaka yake hamsini na minane, ulikuwa juu ya jambo moja tu: kwamba yeye hachori uongo.

Wachoraji wenzake wa mabango, wa Busia ya huku Uganda na Busia ya kule Kenya, walichora simba wasiowahi kuwaona hata mkia, na wanawake wa saluni wenye nywele ambazo hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuziotesha. Ecodu naye alichora mabango, maana tumbo halijui ubishi. Alichora kuku wa kukaanga, matairi, maduka ya dawa na maandishi ya nyuma ya malori. Lakini hayo aliyaita kibarua. Kazi yenyewe aliifanya alfajiri, nje kwenye umande, kwa rangi za mafuta, akiutazama Mwamba wa Tororo kabla jua halijaupanda.

Ufundi huo alifundishwa zamani na bruda mmoja Mholanzi, katika misheni ya upande wa Nagongera alikokuwa akifyeka nyasi. Bruda alikuwa mzee mkali asiyependa maneno mengi. "Chora unachokiona, usichore unachokijua," alimwambia. "Unajua majani ni ya kijani. Sasa tazama. Saa hii ni ya kijani?" Ecodu akatazama, na kweli, majani yalikuwa ya buluu. Bruda akamwonyesha pia kuandika pembeni mwa kila picha tarehe na saa, kwa sababu mwanga wa saa moja si mwanga wa saa mbili, na anayeuchanganya huo na huu ni mwongo. Alipokufa, Ecodu akarithi stendi yake ya miguu mitatu, kisu chake cha kuchanganyia rangi, na ule msemo.

Kazi hiyo ina adabu zake. Kitambaa cha marekani unakiwamba kwenye fremu, unakipaka gundi na rangi nyeupe, unakiacha kikauke. Asubuhi unakwenda nacho shambani na una kama saa moja tu, labda na robo, kabla mwanga haujakukimbia. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Kwa wiki nzima nzi watatua juu yake na kunasa, vumbi la malori ya Malaba litashuka, na wewe utakuwa unavitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. Wanakijiji walimcheka. Mtu mzima anachora kilima ambacho kila mmoja anakiona bure mlangoni kwake!

Mkewe Ajambo hakumcheka. Alikuwa Msamia wa Buhehe, Ecodu Mteso, na kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, naweza kusema Kiswahili cha mpakani ndicho kilichowaoa. Miaka ishirini na sita Ajambo alimletea uji kule bondeni, chini ya shamba, karibu na kichuguu kikubwa ambapo Mwamba unaonekana wote. Jua likianza kuchoma alimshikia mwavuli, si juu ya kichwa chake bali juu ya kitambaa, na mkono ukichoka aliubadilisha bila kusema. Siku moja akasema akicheka, "Baba Ritah, nikikufa mnaniweka hapa hapa. Huko juu nyuma ya jiko, moshi mingi."

Alikufa Februari 2019, kwa presha, katika siku mbili. Wakamweka pale alipotaka, hatua kumi kutoka kwenye kichuguu. Waombolezaji walijaa mpaka barabarani. Kaburi halikujengewa. Kwao watu husubiri udongo ushuke kwanza, mwaka upite, ndipo simenti. Likabaki tuta la udongo mwekundu lenye msalaba wa mbao, na kila asubuhi Ecodu aliweka stendi yake pale pale kama zamani, ila sasa hakuna aliyeshika mwavuli.

Oktoba mwaka huo Wilkister akamtafuta. Huyu alikuwa mama wa Kikenya aliyefungua nyumba ya wageni Tororo mjini, na alitaka picha kubwa ya Mwamba kwa ajili ya ukuta wa chumba cha kulia. Hakuna aliyewahi kumwomba Ecodu kitu kama hicho. Picha zake zote zilikuwa zimegeuzwa uso ukutani nyumbani kwake, panya wakizila pembe. Akachora asubuhi nne mfululizo, dakika zile zile za mwanga ule ule. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, Mwamba umepata wekundu juu tu, na mbele, kwenye kivuli, kichuguu na kaburi la Ajambo. Katika maisha yake hakuwahi kuchora vizuri kama hivyo, na alijua.

Wilkister akaja kuiona rangi ikiwa bado mbichi. Akaitazama muda mrefu. Akamwambia hajaona mtu, si Nairobi wala Kampala, anayeushika mwanga namna ile. Kisha akainama.

"Na hii hapa, si ni kaburi?"

"Ni mama Ritah."

"Pole sana, mzee wangu. Pole kabisa." Akajiinua. "Lakini wageni watakula mayai wakitazama kaburi? Hawatakula. Iondoe tu hiyo, nitaichukua leo leo."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sitamtetea Ecodu hapa. Namsikitikia, lakini simtetei. Hakusukumwa na njaa siku hiyo, wala hakuna aliyemtisha. Alitaka tu picha yake itundikwe mahali watu watakapoiona, baada ya miaka thelathini ya panya. Akachukua kisu cha bruda na kulikwangua lile tuta. Akapangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, mara moja, halafu mara ya pili, hadi weupe wa chini ukatokea, maana alikuwa fundi na hakupenda uchafu. Akapaka majani juu yake. Pembeni akaandika kama kawaida: *Ecodu, Oktoba 2019, saa moja na robo asubuhi.* Hakumwambia mtu, hata bintiye Ritah.

Machi iliyofuata alivuka kwenda Busia ya Kenya kupaka rangi duka la jirani wa Ritah, maana Ritah alikuwa akiuza mitumba huko. Alikwenda kwa siku tatu. Mpaka ukafungwa kwa sababu ya korona, na siku tatu zikawa mwaka na zaidi. Alilala juu ya marobota ya nguo na kusikia kwa simu tu habari za nyumbani, na habari za nyumbani zilizidi kuwa fupi.

Aliporudi alikuta mtama umesimama mpaka kwenye kichuguu. Osinya, mtoto wa baba yake mkubwa, alikuwa amelilima bonde lote kwa ng'ombe. Msalaba haukuwepo, tuta halikuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Hii ya chini ni ya baba yangu," Osinya alimwambia bila hasira, kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida. "Yeye alipatia baba yako kulima tu. Watu yenu wamelala huko juu, nyuma ya jiko. Hata mama Ritah iko huko."

Kwao shamba la kuazimwa halizikwi mtu. Palipo na kaburi la mke wako ni pako, hakuna haja ya karatasi. Na nyuma ya jiko palikuwa na makaburi ya zamani, matuta yaliyokwisha kushuka, ambayo hata Ecodu mwenyewe hakuweza kuyahesabu kwa uhakika. Osinya hakuwa mjinga. Chini ya lile bonde palikuwa na murram nzuri, changarawe ya kujengea barabara, na mtu wa barabara alikwisha kuja kuipima. Ecodu hakuumizwa na murram. Alichofikiri, usiku na mchana, ni meno ya katapila hatua kumi kutoka kwenye kichuguu.

Akaenda kwa majirani. Waliozika walikuwa wengi, waliokumbuka wakawa wachache. Vijana walikwisha kuahidiwa kazi ya kupakia malori, na wazee ni baba zao. Mmoja alisema siku ile alikuwa na homa. Mwingine, Akwi, aliyewaongoza akina mama kuimba kaburini, alimshika Ecodu mkono, akalia, na akasema macho yake siku hizi hayaoni mbali.

Kesi ikasikilizwa katika darasa la shule ya msingi, mbele ya mzee Oriokot, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, na watu wa ukoo. Ritah alikuja kutoka Busia, akaketi kwenye dawati la mbele. Alieleza kila kitu: nani alichimba, nani alishika kamba, udongo ulikuwa na rangi gani. Alieleza vizuri hata darasa likatulia. Oriokot akatikisa kichwa kwa huruma. "Lakini wewe ni mtoto wa huyu. Ungesema nini kingine?"

Hapo Osinya akatoka nje, na aliporudi alikuwa amebeba picha.

Ecodu aliitambua kabla haijageuzwa, kwa misumari ya nyuma. Osinya alikuwa amekula chakula katika ile nyumba ya wageni pamoja na mtu wa barabara, akainua macho ukutani, akasoma jina. Wilkister alimwazima bila kujua ni ya nini. Ikaegemezwa ubaoni, mahali pa hesabu. Watu wengi wa kijiji walikuwa hawajawahi kuona kazi yake hata mara moja, na wakanyanyuka kuitazama. Mwamba ulikuwa pale, ukungu, kichuguu. Mtu akasema polepole, kwa Kiteso, kwamba inafanana hadi inatisha.

"Mama Ritah alikufa Februari," alisema Osinya. "Hii picha iko na tarehe. Oktoba. Hata saa ameandika. Sasa mnionyeshe kaburi."

Oriokot akavaa miwani. Alitazama sana pale chini ya kichuguu, palipokuwa na majani tu, majani mazuri ya buluu ya alfajiri.

"Ecodu, sisi wote tunajua wewe. Miaka yote unasema hapa kwamba wewe hauchori uongo. Hii ni wewe ulichora?"

"Ni mimi."

"Na kaburi iko wapi?"

Angesema kweli hapo hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Ritah alikuwa amegeuka na kumtazama kwa uso ule ule wa mama yake, na ulimi wa Ecodu ukakimbia.

"Ni ukungu," alisema. "Saa hiyo ukungu inafunika chini. Nilichora kile niliona."

"Ukungu ilifunika kaburi," Oriokot akasema taratibu, "na haikufunika majani?"

Kuna aliyecheka nyuma. Ritah alisimama, akaenda ubaoni, akaweka kidole karibu na kitambaa bila kukigusa. Alizijua asubuhi zile. Mara ngapi alitumwa kupeleka uji mama yake alipokuwa mgonjwa.

"Papa, ukungu haufiki hapa. Mama yuko wapi kwenye hii picha?"

Darasa zima lilisikia jinsi alivyouliza. Ecodu alishika ukingo wa dawati. "Nilimtoa," alisema.

"Ulimtoa namna gani?"

"Nilikuwa nimemchora. Vizuri sana nilimchora. Mwenye gesti akasema wageni hawatakula. Nikachukua kisu."

Aliona aibu mbele ya watu, ndiyo, lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa namna Ritah alivyorudisha mkono wake, akaufunga kwenye leso, akarudi kukaa bila kumtazama tena. Oriokot akavua miwani. "Mara ya kwanza umesema ukungu. Sasa unasema kisu. Sisi tukuamini wapi?"

"Iko chini," Ecodu alisema. "Rangi ya udongo, nyekundu, iko chini ya hii ya majani. Nipe ruhusa nikwangue, mtaona."

Akapewa ruhusa. Alikuwa na kile kisu mfukoni, hakutembea bila hicho. Akapiga magoti mbele ya picha bora aliyopata kuichora maishani na kuanza kukwangua. Majani ya buluu yakatoka kama magamba. Watu wakasogea, hata Osinya akasogea, uso wake umebadilika kidogo. Ecodu alikwangua mahali pa tuta, akakwangua mahali pa msalaba, akapanua hadi ukubwa wa kiganja, hadi ukubwa wa sahani. Chini palikuwa peupe. Mara mbili alikuwa amepangusa kwa tapentaini siku ile. Alitafuta hata doa moja la wekundu katika nyuzi za marekani na hakulipata, kwa sababu alikuwa fundi, na hakupenda uchafu.

Oriokot alingoja mpaka yeye mwenyewe alipoacha. "Basi, simama," alisema kwa upole. "Binadamu anakula, anakunywa, anaweza kununuliwa. Picha haili. Tutafuata picha."

Mtu mmoja wa ukoo aliuliza kama isingekuwa afadhali kuchimba na kutazama. Wakamzomea. Hatufukui mtu kutafuta ushahidi, walisema, na hata Ecodu alijua kwamba kama angekuwa amekaa upande ule mwingine naye angesema hivyo.

Katapila lilikuja baada ya wiki mbili. Dereva wake aliitwa John Paul, kijana mpole, naye Ecodu alimwambia siku ya kwanza: hatua kumi kutoka kwenye kichuguu, upande wa Mwamba. John Paul alijibu kwamba yeye anachimba anapoambiwa. Basi Ecodu akaketi ukingoni kila siku, mchana kutwa, pasipo stendi wala rangi, akiyatazama yale meno. Kichuguu kiliondoka siku ya tatu. Siku ya nne, kabla ya saa sita, injini ikazimwa ghafla.

"Mzee," John Paul aliita. Alikuwa ameshuka na kuvua kofia. "Mzee, kuja."

Kulikuwa na kipande cha ubao, kitambaa cha gomesi, vazi la akina mama, kilichogeuka rangi ya udongo, na rozari ya plastiki nyeupe ambayo haikuwa imebadilika hata kidogo. Zilikuwa hatua kumi. Ecodu alishuka ndani ya shimo na kukaa chini, akapaka mikono yake ule udongo aliokuwa akiutafuta kwenye picha.

Osinya alifika, akatazama, akasema, "Pole, ndugu yangu," na akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Aliona haya, sikatai. Lakini malori yalikuwa kwenye foleni na karatasi zilikwisha kutiwa sahihi, na bonde lililokwisha kuchimbwa halirudi kuwa bonde. Ukoo ukakutana upesi, safari hii bila ubishi. Wakasema Ajambo azikwe upya huko juu, nyuma ya jiko, watu wote watachangia simenti.

Ritah alikuwa amefika kutoka Busia na kanga mbili mpya. Alikuwa amemkusanya mama yake kwa mikono yake na hakumruhusu mtu kumsaidia.

"Nyuma ya jiko ndiko mlikosema yuko," aliwaambia. "Nikimweka huko, mtakuwa mmesema kweli. Namrudisha kwao."

Mke kuzikwa kwa mumewe ndiko kuolewa kwenyewe. Kurudishwa kwa wazazi wake ni kusema kwamba nyumba ile haikuwa nyumba. Ecodu alijua, kila mtu alijua. Hakumkataza bintiye. Angemkataza kwa mdomo gani?

Wakaenda Buhehe kwa gari la kukodi, baba mbele, binti nyuma akiwa ameshika mzigo mapajani. Osborn, kaka yake Ajambo, aliwapokea njiani pamoja na wanaume wa boma lake. Kaburi lilikuwa tayari na simenti imekwisha kukorogwa.

"Mulamwa, shemeji yangu," Osborn alimwambia Ecodu, "ulikuja hapa na ng'ombe kumchukua, tukakupa na tukala pamoja. Leo umemrudisha, nasi tumempokea. Hatukufukuzi. Lakini huku tutajenga leo leo, hatungoji udongo kushuka."

Wakazika. Katekista akasali sala fupi. Ecodu alisimama nyuma, na miguuni pake palikuwa na mfuko wa stendi na rangi. Aliubeba asubuhi bila kufikiri, kama mtu anavyochukua kofia. Ritah aliuona. Watu walipokwisha kutawanyika kwenda kula, alimfuata, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile ya darasani.

"Si umebeba rangi. Chora."

"Ritah, mwanga ni mbaya. Saa nane."

"Chora hivyo hivyo. Anza na kaburi."

Akafungua stendi. Hakuwa na mwavuli. Jua lilipiga kitambaa hata akawa haoni rangi sawasawa. Nyuma kulikuwa na vilima vya Samia, na hakuvitazama. Alichora simenti mbichi, mipaka yake minne, na alama ya kiganja ambayo Osborn aliiacha alipokuwa akilainisha. Ilikuwa picha mbovu, ngumu, isiyo na hewa. Kaburi lilikuwa kubwa mno na limekaa katikati. Alirudi nyuma hatua moja, akakunja uso jinsi alivyozoea, na mkono wake ukaenda mfukoni na kutoa kisu.

Ritah alinyoosha kiganja.

"Nipe, Papa."

Akampa. Ritah akakifuta kwenye kanga yake, akakitia katika pochi yake, na kumwambia aandike saa.